Nailoni au mshipi wa kusuka: nani abebe mshtuko wa samaki?

Chukua kipande cha mita moja cha nailoni na kingine cha mshipi wa kusuka, vyote viwili vikiwa vya kilo 9, yaani uzito ambao mshipi hubeba kabla ya kukatika. Funga ncha moja ya kila kimoja mahali pasiposogea, ncha ya pili izungushie kijiti, usiizungushie kidole, kisha vuta. Nailoni itakufuata. Utaihisi ikirefuka mkononi kama mpira mgumu, na ukilegeza inarudi taratibu. Mshipi wa kusuka hautakufuata hata kidogo. Unakaza papo hapo kama waya, na ukizidisha nguvu, kijiti ndicho kitakachopinda.

Jaribio hilo la dakika mbili limenifundisha zaidi ya mabishano yote niliyowahi kuyasikia kuhusu mishipi hii. Watu hubishana juu ya nguvu: upi hukatika upesi, upi hudumu. Mimi naona kuna swali linalotangulia hilo. Samaki anapochomoka ghafla, ule mshtuko lazima ubebwe na kitu fulani kati ya mdomo wake na mkono wako. Ukiwa na nailoni, mshipi wenyewe hubeba sehemu kubwa. Ukiwa na wa kusuka, mshipi haubebi kitu. Unaupitisha mshtuko wote kwenye fundo, kwenye fimbo, kwenye breki ya rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo) na kwenye kiganja chako. Ukishalishika hilo, mambo mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Sababu imo ndani ya nyuzi. Nailoni ilipatikana mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, kwenye kundi la watafiti lililoongozwa na Wallace Carothers. Kabla yake watu walivua kwa hariri, kitani, pamba, hata manyoya ya mkia wa farasi, na mishipi mingi ya zamani ilikuwa ya kusokotwa au kusukwa. Kwa hiyo kusuka ni ufundi wa kale. Kilicho kipya ni kile kinachosukwa: polithilini, aina ya plastiki, yenye molekuli ndefu kupita kiasi, iliyotengenezwa uzi kwa njia iliyobuniwa na watafiti wa kampuni ya DSM ya Uholanzi. Uzi huo unajulikana kwa jina la Dyneema, na nduguye wa Marekani anaitwa Spectra. Katika nailoni, molekuli nyingi bado zimejikunja-kunja, na ukivuta zinanyooka kidogo kabla hazijaanza kukataa. Katika uzi wa Dyneema zilikwisha kunyooshwa kiwandani, zote zikiwa zimelala upande mmoja. Hakuna kilichobaki cha kunyooka. Ndiyo maana nailoni inaweza kurefuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika, wakati mshipi wa kusuka hurefuka kwa asilimia 3 au 4 hivi.

Sasa ushushe mshipi majini. Tuseme unavua kwenye kina cha mita 80. Nailoni ikirefuka kwa asilimia 5 tu, hizo ni mita 4. Samaki anadonoa, unainua fimbo kwa nguvu, ncha yake inapanda mita moja na nusu, na kule chini ndoana imesogea kidogo sana au haijasogea kabisa, kwa sababu mwendo wote umemezwa njiani. Pengine hata hukujua kwamba alidonoa. Kwa mshipi wa kusuka unasikia chubwi, ule uzito unaozamisha ndoana, likigonga jiwe, unasikia likiingia kwenye tope, unasikia samaki mdogo akichezea ncha ya chambo bila kukimeza. Mtu aliyezoea nailoni akibadilisha kwa mara ya kwanza kwenye maji marefu huhisi kama amezibuliwa masikio.

Kuna na suala la mkondo. Maji husukuma mshipi kwa kadiri ya unene wake, na mshipi mnene hupinda kama upinde kati ya chombo na chubwi. Mwembamba hushuka wima zaidi, kwa hiyo chubwi jepesi linatosha. Kwa uvuvi wa kina kirefu sioni hoja yoyote ya maana ya kubaki na nailoni kwenye rili.

Lakini igeuze picha. Samaki mkubwa amechoka, yuko mita tatu kutoka ulipo, anaona mwanga na watu, na anajitupa kwa mara ya mwisho. Mshipi uliobaki nje ni mfupi. Ukiwa wa nailoni, hata zile mita tatu zina springi yake. Ukiwa wa kusuka na umekaza breki, kitu fulani kitaachia: fundo, au ndoana inyooke, au ichane nyama laini ya mdomo na kutoka. Samaki wengi wanaosemekana “walikata mshipi” kwa kweli waling'oka hapo. Dawa ipo. Breki, ile inayoachia mshipi utoke samaki akivuta kwa nguvu, iwekwe robo au theluthi ya nguvu ya mshipi, ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza badala ya kukisia kwa mkono. Kwa mshipi wa kilo 9 hiyo ni kati ya kilo 2 na 3. Na fimbo iwe laini kidogo kuliko ile uliyokuwa ukiitumia na nailoni, kwa kuwa sasa kazi ya kunyumbuka imehamia kwayo. Wengi hununua mshipi wa kusuka wakabaki na fimbo ngumu na breki ileile iliyokazwa, halafu wanaulaumu mshipi.

Turudi kwenye nguvu, maana hapo ndipo maneno huwa makali. Mmoja anasema: “Wa kusuka ni imara kuliko nailoni.” Mwingine anajibu: “Sivyo, ukigusa jiwe tu umekwisha.” Wote wawili wana haki, ila kila mmoja anapima kwa kipimo chake. Wa kwanza amelinganisha mishipi yenye unene sawa, wa pili amelinganisha yenye kilo sawa. Nailoni ya kilo 9 ina unene wa milimita 0.40 hivi. Mshipi wa kusuka wa kilo 9 unaweza kuwa na milimita 0.23 tu. Jiwe likiparua nailoni, linachuna ngozi ya nje na kuacha mwili mnene chini yake. Likiparua ule wa kusuka, linakutana na mamia ya nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kila zinazokatika ni sehemu ya nguvu iliyoondoka. Ukikaza ndio kabisa: mshipi wa kusuka uliotanda kama uzi wa zeze ukigusa ukingo wa ganda la chaza huachia bila onyo. Ila ukichukua wa kusuka wenye unene uleule wa milimita 0.40, huo una nguvu zaidi ya mara mbili ya nailoni, na unaweza kupoteza sehemu ya nyuzi zake na bado ukamleta samaki. Kwa hiyo mtu akikuambia upi ni imara, muulize kwanza: kwa kilo au kwa unene?

Unene huohuo ndio unaoamua rili yako itabeba kiasi gani. Nafasi inayochukuliwa na mshipi huenda kwa mraba wa kipenyo. Gawa 0.40 kwa 0.23, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 3. Rili inayobeba mita 150 za nailoni hiyo itabeba karibu mita 450 za mshipi wa kusuka wenye kilo zilezile. Kwa anayekutana na samaki wa kukimbia mbali, hii ni habari kubwa. Kwa anayevua kwenye bwawa dogo haina maana yoyote.

Hapa inafaa niguse namba zilizoandikwa kwenye maboksi, kwa sababu zinawachanganya watu. Mishipi mingi ya kusuka huandikwa PE 1, PE 2, PE 4 na kuendelea. PE ni kifupi cha polithilini, na namba inatokana na vipimo vya Kijapani vinavyohesabu kiasi cha uzi uliotumika. PE 1 ina unene wa milimita 0.165 hivi. Usidhani PE 4 ni mnene mara nne. Ina uzi mara nne, na unene wake ni mara mbili, kama milimita 0.33. Kilo zinazoandikwa pembeni hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo mimi huangalia PE kwanza, kilo baadaye. Utaona pia maandishi ya nyuzi 4, 8 au 12. Hizo ni nyuzi kubwa zilizosukwa pamoja. Wa nyuzi 4 una ngozi ya kukwaruza, hupiga kelele kwenye pete za fimbo, lakini kila uzi wake ni mnene na huvumilia msuguano vizuri zaidi. Wa nyuzi 8 ni mviringo na laini, hutupika mbali. Penye mawe na majani nachagua nyuzi 4 bila kusita.

Samaki anauona? Nailoni isiyo na rangi hupitisha mwanga. Mshipi wa kusuka haupitishi, na ukiwa majini unaonekana kama uzi wowote wa nguo. Kwenye maji machafu au usiku hili halinisumbui. Kwenye maji maangavu na samaki waoga, linasumbua sana. Na hapo ndipo swali la “huu au ule” linapoanza kuyeyuka, kwa sababu wavuvi wengi wanaotumia wa kusuka hawafungi ndoana moja kwa moja kwenye mshipi huo. Wanaunga mbele yake kipande cha nailoni, au cha florokaboni, ambacho huitwa lida. Lida hufichika majini, huvumilia mawe na meno madogo, na hurudisha springi kidogo pale mwishoni. Mita moja au mbili hutosha kwa maji maangavu. Anayetupa kutoka ufukweni kwa chubwi zito anahitaji lida ndefu zaidi, inayozunguka rili mara kadhaa chubwi likiwa limening'inia tayari kutupwa, na iwe nene: kanuni inayotumika sana ni kilo 4.5 za nguvu kwa kila gramu 28 za chubwi. Chubwi la gramu 112 linataka lida ya kilo 18. Kanuni hiyo ipo kwa usalama. Mshipi mwembamba ukikatika katikati ya kutupa, chubwi linaruka kama risasi, na hujui nani amesimama mbele.

Mafundo yanastahili muda zaidi kuliko yanavyopewa. Polithilini inateleza. Ule utelezi unaoufanya mshipi wa kusuka upite vizuri kwenye pete ndio unaolifungua fundo lako. Nilipobadilisha mshipi mara ya kwanza niliendelea kufunga fundo nililolizoea kwenye nailoni, lile la kuzungusha ncha mara tano na kuirudisha kwenye kitundu. Samaki wa kwanza mzuri alivuta, nikahisi uzito wake kwa pumzi mbili, kisha mshipi ukawa mwepesi. Nilipouvuta kuuangalia, ncha yake ilikuwa imejikunja mithili ya mkia wa nguruwe. Mshipi haukuwa umekatika. Fundo lilikuwa limejifungua lenyewe.

Tangu siku hiyo kila ninapopoteza samaki huisoma ncha kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Ikiwa imejipinda kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza, na kosa liko kwenye mikono. Ikiwa ni nailoni na imekatika wima, laini, ilizidiwa nguvu au ilikatwa na jino. Ikiwa ina mikwaruzo na ukungu mweupe kwa sentimita kadhaa juu ya ulipokatika, ilisugua jiwe muda mrefu na ulipaswa kuibadilisha mapema. Mshipi wa kusuka ukiwa na ncha iliyotawanyika kama brashi iliyochoka, nao ulisuguliwa. Ukiwa umekatika sawasawa kama kwa mkasi, uligusa ganda au meno. Ncha hiyo ya sentimita tano inakwambia urekebishe fundo, lida au mahali unapotupa.

Kwa kufunga ndoana kwenye mshipi wa kusuka, fundo la Palomar ni rahisi na halitelezi: unakunja mshipi uwe mara mbili, unapitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, unapiga fundo la kawaida lililolegea, unaipitisha ndoana yote ndani ya kitanzi, unalowesha kwa mate, unakaza taratibu. Kulowesha si ushirikina. Nyuzi zikisuguana kavu hupata joto, na polithilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi wakati nailoni huvumilia zaidi ya 200. Kuunga lida, anza na mafundo mawili ya aina iitwayo uni yanayokabiliana, ukizungusha mara nyingi zaidi upande wa mshipi wa kusuka. Ukishazoea, jifunze fundo la FG, ambalo mshipi wa kusuka huizunguka lida kwa kupishana huku na huku na kuibana, lida yenyewe isifungwe popote. Linapita kwenye pete za fimbo bila kukwaruza. Huchukua muda kulimudu, na mahali pa kujifunzia ni nyumbani mezani, kabla hujakutana na upepo na mikono yenye maji.

Utelezi huohuo una mtego mwingine kwenye rili. Ukifunga mshipi wa kusuka moja kwa moja kwenye chuma tupu, rundo zima linaweza kuzunguka lenyewe: unasokota mpini, mshipi hauji, na unadhani breki imekufa. Weka kwanza mizunguko michache ya nailoni chini yake, au kipande cha utepe wa kunata. Kisha uzungushe ukiwa umekazwa, mtu mwingine akiushika kwa kitambaa chenye maji. Ukiuzungusha ukiwa umelegea, siku samaki atakapovuta, mshipi wa juu utajichimbia ndani ya tabaka za chini na kukwama hapohapo. Na usishindane na upepo. Polithilini ni nyepesi kuliko maji, inaelea, na upepo wa ubavuni huupeperusha mshipi ulegee juu ya maji. Mizunguko iliyolegea ikiingia kwenye rili, utupaji unaofuata unatoa bonge la nyuzi ambalo mara nyingi halifumuki. Nailoni ina ugonjwa wake hapa: hukumbuka umbo la rili na kutoka ikiwa na mizunguko-mizunguko, hasa ikikaa muda mrefu bila kutumika. Ila bonge la nailoni, kwa subira, hufumuka.

Mikono sasa. Usizungushe mshipi wa kusuka kwenye vidole wala kiganjani, si kwa kuvuta samaki, si kwa kung'oa ndoana iliyokwama kwenye mwamba. Haurefuki, ni mwembamba, na unakata nyama kama msumeno. Ukikwama, uzungushie kijiti au kipande cha bomba, kisha vuta ukiwa umegeuza uso. Anayevua kwa mkono mtupu bila fimbo, ushauri wangu kwake ni nailoni nene, milimita 0.80 au zaidi: inashikika, haiumizi upesi, na inampa mvuvi ile springi ambayo fimbo ingempa.

Kwa anayeanza na rili moja na fimbo moja, ningempa nailoni. Inasamehe fundo bovu, breki iliyokazwa kupita kiasi na mkono wenye pupa, na kila moja ya makosa hayo atalifanya. Nailoni pia ni bora kwa wanaokokota chambo bandia nyuma ya chombo, ambapo samaki hugonga kwa kishindo. Penye kina kirefu, penye majani mazito ya kukata, au palipo na haja ya kutupa chambo chepesi mbali, wa kusuka wenye lida ya nailoni unanishinda kuuacha. Kama una fimbo mbili, usiziwekee mshipi wa aina moja.

Kwenye kutunza, nailoni hunywa maji, hulegea kidogo ikilowa, na jua huila mwaka hadi mwaka. Anayevua mara kwa mara aibadilishe kila msimu bila kuionea huruma. Mshipi wa kusuka hudumu miaka. Rangi hupauka na kuhamia vidoleni, kwa kuwa polithilini haishiki rangi, lakini kupauka si kuchakaa. Tazama manyoya: ukishaanza kuota vinyweleo kwenye mita za mbele, zikate. Zikishachakaa nyingi, uhamishe mshipi wote kwenye rili nyingine ili ule wa chini, ambao haujawahi kugusa maji, uwe juu.

Vipande unavyokata visibaki ufukweni wala majini. Haviozi, na mguu wa ndege unaonaswa na nailoni hauna namna ya kujinasua. Mimi hubeba chupa ya plastiki yenye kifuniko kwenye mfuko wa vifaa, na kila ncha niliyokata, hata ya sentimita tatu ya fundo, inaingia humo.